Kutangaza snuka kwa Kiswahili: wakongwe walipitaje kutoka kwenye fimbo hadi maikrofoni?

KonaYaMilimani
Wadau, habari zenu. Klabu yetu hapa Kisumu ina mashindano ya snuka mwisho wa mwezi, na fainali itarushwa moja kwa moja mtandaoni kwa Kiswahili. Kazi ya kutangaza imeniangukia mimi. Maswali ni mawili. Kwanza, wale wachezaji wa kulipwa waliogeuka watangazaji kule Uingereza, kina John Virgo, Dennis Taylor na Stephen Hendry, walipita njia gani, na walitoka mezani na kitu gani kinachowafaa kwenye maikrofoni? Pili, nijiandae vipi ili mtazamaji anayejua pul ya mtaani tu asipotee njiani?

ChakiYaBluu
Njia haikuwa moja, ila msukumo ni uleule. Mchezaji wa snuka wa kulipwa hana mshahara. Anakula zawadi za mashindano, na nafasi yake kwenye orodha ya ubora inahesabiwa kwa pesa alizoshinda ndani ya miaka miwili. Nauli, hoteli na chakula ni juu yake. Kadi ya kucheza ni ya miaka miwili. Ikiisha na hauko kwenye 64 bora, unarudi kwenye mchujo wa Q School kugombania nyingine na vijana. Umri ukisonga, mkono unapoanza kusita, maikrofoni inakuwa kazi ya heshima.

Virgo alishinda UK Championship mwaka 1979. Alimfunga Terry Griffiths 14-13 ingawa alikatwa fremu mbili (fremu ni mchezo mmoja kamili) kwa kuchelewa kufika ukumbini. Lakini kilichomjengea jina kwa watazamaji ni vituko. Kipindi kikiisha mapema pale Crucible, ukumbi wa mashindano ya dunia kule Sheffield, yeye ndiye aliyeingia kuwaburudisha watu kwa mipigo ya maonyesho na kuwaiga wachezaji wenzake. Kisha akapata Big Break, kipindi cha burudani cha snuka kwenye BBC, kuanzia 1991 hadi 2002. Taylor anabebwa na fainali ya dunia ya 1985: alikuwa nyuma 0-8, akamshinda Steve Davis 18-17 kwenye mpira mweusi wa mwisho, saa sita ya usiku imeshapita, watu milioni 18.5 wakitazama Uingereza. Ukishapitia hilo, huna haja ya kueleza wewe ni nani.

Hendry, bingwa wa dunia mara saba, alistaafu 2012 katika mashindano yaleyale aliyopiga 147, alama za juu kabisa kwa zamu moja, raundi ya kwanza. Yaani uwezo ulikuwepo, uthabiti ndio uliokimbia. Baadaye akarudi kucheza kidogo huku akitangaza. Ken Doherty, bingwa wa 1997, naye ametangaza miaka mingi bila kuacha fimbo.

Lakini usidhani lazima uwe bingwa. Clive Everton aliwahi kucheza kwa kulipwa na hakufika hata 40 bora. Alikuwa mwandishi, alianzisha jarida la Snooker Scene mwaka 1971, na kwa masikio yangu hakuna aliyemfikia kwa kuchagua maneno machache yanayotosha.

MweupeUnaendaWapi
Jina langu hapa juu ndilo jibu la sehemu ya pili ya swali lako la kwanza. Virgo alijulikana kwa kuuliza kwa sauti mpira mweupe unaelekea wapi, na hicho ndicho mchezaji anachotoka nacho mezani. Mtazamaji anaona mwenyewe kwamba nyekundu imeingia. Asichokiona ni kwamba mweupe umesimama upande usiofaa wa bluu, kwa hiyo mchezaji atalazimika kuugongesha kingo mbili za meza ili kurudi kwenye nyekundu. Hayo yasemwe KABLA ya fimbo kugusa mpira. Baada ya mpigo, kila mtu ni mtaalamu.

Utaratibu unaofaa: mpira ukiingia, tazama mweupe umesimama wapi, taja mpira unaofuata na mfuko wake, kisha sema hatari moja tu. Mfano: "Anaitaka nyeusi, mfuko wa kulia. Akiuvuta mweupe nyuma anapata nyekundu ya pembeni. Akiusimamisha tu, rundo la nyekundu litamfungia njia." Basi, nyamaza. Mchezaji akiinama mezani, wewe kimya mpaka mipira itulie. Wengi wanaharibu hapa kwa sababu wametoka kwenye mpira wa miguu wa redioni, ambako ukikaa kimya sekunde tano watu wanadhani mitambo imekufa. Kwenye snuka, mlio wa mpira kugonga mpira ni sehemu ya matangazo.

Msiwe zaidi ya wawili. Mmoja ataje alama na hali ya fremu, mwingine aeleze kwa nini. Mkibadilishana kazi katikati ya breki, yaani mchezaji akiwa anafunga mfululizo, mtapandiana.

RangiSita
Niongeze kuhusu picha. Ted Lowe, sauti ya snuka ya zamani ya BBC, anakumbukwa kwa kuwaambia wenye televisheni za nyeusi na nyeupe kwamba mpira wa waridi ulikuwa karibu na ule wa kijani. Watu wanacheka mpaka leo, ila wewe uko kwenye hali hiyohiyo. Mtu wa Ahero au Mumias anatazama kwenye simu, bando ni ya kuhesabu, picha imeshushwa ubora mpaka ikafifia. Kahawia na nyekundu zinafanana kabisa. Kijani inapotelea kwenye kitambaa.

Kwa hiyo usitaje rangi peke yake, taja na mahali. Weka kamera nyuma ya upande wa kuanzia, mpira mweusi uwe mbali. Hapo mtazamaji ataona kijani kushoto, kahawia katikati na manjano kulia, zote kwenye mstari wa kuanzia. Bluu katikati ya meza. Waridi mbele ya rundo la nyekundu. Nyeusi nyuma ya rundo. Rudia mpangilio huu mwanzo wa kila fremu, sekunde ishirini zinatosha.

Kuhusu watu wa pul: mambo matatu ndiyo yanayowachanganya. La kwanza ni mpira wa rangi kutolewa mfukoni na kurudishwa mezani. Eleza kwamba unarudi kwenye alama yake maadamu nyekundu hazijaisha, na kwamba ile rangi inayofuata nyekundu ya mwisho nayo hurudi. La pili, hakuna mipira yangu na yako. Zote ni za wote. La tatu ni faulo. Kwenye pul ya mtaani faulo inakupa mipigo miwili au mweupe mkononi. Kwenye snuka mpinzani anapata alama 4 hadi 7, mweupe unabaki ulipo isipokuwa umetumbukia au umetoka mezani, na anaweza kumrudisha mkosaji apige tena.

HesabuKwanza
Mtangazaji akikosea hesabu, hakuna atakayemsikiliza tena, kwa hiyo andika haya kwenye karatasi uiweke mbele yako. Alama zilizobaki mezani ni idadi ya nyekundu mara 8 (1 ya nyekundu na 7 ya nyeusi inayoifuata), jumlisha 27 za rangi sita. Nyekundu zikiisha: rangi zote sita ni 27, manjano ikiondoka 25, kijani 22, kahawia 18, bluu 13, waridi 7.

Mfano: huyu ana 58, yule 6, nyekundu tatu zipo. 24 na 27 ni 51, tofauti ni 52. Hata akisafisha meza yote hafiki. Sasa anahitaji kumfichia mwenzake mpira ili apate angalau faulo moja ya alama 4.

Ukitaka kujizoeza, chukua ile fremu ya mwisho ya 1985. Davis 62, Taylor 44, kahawia ndiyo inayofuata. Tofauti 18, mezani 22. Taylor akapiga kahawia, bluu na waridi, akafika 59. Nyeusi ikaamua kila kitu, 66-62.

ChakiYaBluu
@HesabuKwanza sawa, ila fomula yako ina shimo. Nyekundu ikiwa imeingia sasa hivi na mchezaji bado hajapiga rangi yake, lazima uongeze 7 ya hiyo rangi. Nyekundu mbili mezani na rangi inasubiriwa: 16, na 7, na 27, jumla 50. Ukisahau hiyo 7 utatangaza kwamba fremu imekufa ilhali bado iko hai. Kosa hili ni la kila siku.

Na kuna mpira huru. Baada ya faulo, kama mpigaji anayefuata hawezi kuona pande zote mbili za mpira wowote anaopaswa kupiga, anaruhusiwa kuchagua mpira mwingine, nao unahesabiwa kwa thamani ya ule uliozibwa. Wakati wa nyekundu hilo linaweza kuongeza alama 8 nzima nje ya hesabu yako.

HesabuKwanza
Kweli, hiyo 7 niliiruka. Asante.

KandoYaZiwa
Hakuna aliyegusa meza yenyewe. Meza za mashindano ya kulipwa zina vipasha joto chini ya mawe yaliyo chini ya kitambaa, hivyo kitambaa kinakaa kikavu. Kwenye ukumbi wa Kisumu jioni, hasa baada ya mvua, kitambaa kinanyonya unyevu na mweupe unachoka haraka. Aliyezoea kutazama televisheni atasema mchezaji amepiga kwa woga, kumbe ni meza. Fika saa moja kabla, omba uviringishe mpira kutoka mwisho hadi mwisho, uone unarudi hadi wapi. Tazama pia kama kitambaa kimepigwa brashi na pasi kuelekea upande wa nyeusi. Manyoya yake yanalala upande huo, na mpigo wa polepole wenye mzunguko wa pembeni hupinda kwa sababu yake. Wachezaji wanaotoka Nakuru, kwenye hewa kavu, ndio watakaopiga fupi fremu mbili za mwanzo. Lisemeni mapema.

Mitambo sasa. Lowe aliitwa mnong'onezi kwa sababu alianza kutangaza akiwa ameketi katikati ya watazamaji, na wachezaji wangemsikia. Wewe kaa chumba kingine ikiwezekana. Ila picha yako itoke kwenye kamera kwa kebo, si kwenye matangazo ya mtandaoni, maana hayo huchelewa sekunde kumi au zaidi na utakuwa unasimulia mpira ulioingia zamani. Maikrofoni ya kichwani ikae pembeni ya mdomo, upana wa vidole viwili, isiwe mbele ya pumzi. Weka nyingine karibu na meza kwa ajili ya milio ya mipira, sauti yake ukiishusha chini ya yako. Paa likiwa la mabati bila dari, mvua itaifunika hiyo ya mezani, ifunge tu. Ruta iwe na betri ya akiba, na simu yenye bando ya mtandao mwingine iwe tayari, maana stima ikipotea sekunde mbili tu ruta hukaa dakika kadhaa kabla ya kurudi hewani.

KonaYaMilimani
Nimeandika yote. La mwisho: tofauti ikiwa sawasawa na kilichobaki, mtu akasafisha meza, wakafungana?

RangiSita
Nyeusi inarudishwa kwenye alama yake. Wanapiga kura, kwa kawaida sarafu, na mshindi anachagua nani aanze. Mweupe unapigwa kutoka ndani ya ile nusu duara iliyochorwa kwenye mstari wa kuanzia. Wa kwanza kuiingiza, au wa kwanza kufanyiwa faulo, amechukua fremu. Hapo usiongee kabisa, omera, taja tu nani anapiga.