Vyuo vya ufundi vikiongezwa, ajira za vijana zitatoka wapi?

Mchangiaji aliyetangulia ametueleza kwamba vijana hawaajiriwi kwa sababu hawana ujuzi, na kwamba vyuo vya ufundi stadi vikiongezwa tatizo litakwisha. Ndugu yangu, naungana nawe kwamba kijana asiye na ujuzi hana pa kushika. Hitimisho lako ndilo ninalolipinga, kwa kuwa chuo hutoa mafundi, hakitoi kazi za kuwapa mafundi hao.

Mwaka 2017 mchumi David McKenzie alipitia tathmini za programu za namna hii katika nchi zinazoendelea, akakuta kwamba kati ya kila vijana 100 wanaofundishwa ufundi, takriban 2 tu ndio hupata kazi ambayo wasingeipata bila mafunzo hayo. Nchini Ufaransa nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wahitimu waliosaidiwa kutafuta kazi walizipata kwa kiasi fulani kwa kuwatangulia wenzao ambao hawakusaidiwa. Foleni ilipangwa upya, lakini urefu wake ukabaki karibu uleule.

Tumtazame mwanafunzi wa kuchomelea vyuma. Siku za mwanzo rodi humganda kwenye chuma, au hulitoboa bamba jembamba kwa sababu umeme umezidi, na hakuna maelezo ya ubaoni yatakayomwondolea kosa hilo mpaka mkono wenyewe uzoee. Akiwa anagombea mashine moja na wenzake 20, atahitimu akiwa hodari wa kutaja aina za maungio kuliko kuyaunga, na mwajiri atakayempa vipande viwili vya chuma atalijua hilo kabla rodi ya kwanza haijaisha. Hata yule aliyeiva kweli hutoka chuoni hana mashine, hana miwani ya kinga, wala mteja hata mmoja.

Wapo watakaosema basi tuachane na vyuo, kijana apelekwe moja kwa moja karakanani. Hapo pia nasita. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha vijana waliosoma ufundi chuoni kwa miezi 6 na waliofundishwa na waajiri wao. Makundi yote mawili yalifaidika, lakini faida ya waliosoma chuoni ilidumu zaidi, kwa kuwa walikuwa na cheti cha kumwonyesha mwajiri mwingine kazi ya kwanza ilipokwisha. Aliyejifunza kwa fundi mmoja, ujuzi wake anaujua fundi huyo peke yake.

Kwa hiyo napendekeza uanagenzi wenye mkataba, kijana ashinde siku nyingi karakanani na chache darasani, kisha apimwe na watu wasio mwajiri wake. Ujerumani imeuweka utaratibu huo katika sheria tangu mwaka 1969, na huko mwajiri ndiye anayemlipa mwanagenzi posho. Najua kwamba pale ambapo karakana nyingi ni za watu wawili watatu, fundi mkuu hawezi kubeba mzigo huo, na ndiyo maana naona alipwe kutoka mfuko wa umma, sehemu kubwa ya malipo ikitolewa baada ya mwanafunzi wake kufaulu.

Upande wa ajira, serikali yenyewe ni mteja mkubwa: hununua madawati, milango na madirisha, na hukarabati majengo kila mwaka. Zabuni hizo zikigawanywa katika mafungu madogo na zikalipwa kwa wakati, karakana ndogo zitaajiri. Hilo la kulipwa kwa wakati nalisisitiza, maana fundi mdogo aliyecheleweshewa malipo miezi 6 huanza kwa kuwaondoa vijana.

Tukubaliane pia kipimo. Kwa hesabu ya Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya malipo kwa saa moja tu katika wiki ya kuhesabiwa ni mwenye ajira. Mimi ningeuliza kipato chake mwaka mmoja baada ya cheti.

Ndugu mchangiaji, je, uko tayari sehemu ya fedha unazotaka zijenge vyuo vipya imfuate kijana hadi karakanani?