ACE (mtaala wa Kikristo wa Marekani, wa vijitabu) au Cambridge (mtaala wa Uingereza) kwa mtoto wa miaka 8 anayesomea nyumbani?

BabaPili: Wadau, binti anasoma Kiingereza vizuri, hesabu ndiyo zinamsumbua. Tunaanza Januari. Tuchukue mtaala upi?

Mwl_Kibwana: Kabla ya kununua chochote, mpe mtihani wa upimaji wa ACE. Unaweza kumweka juu kwenye Kiingereza na chini kwenye hesabu, na hapo ndipo mfumo huo unapong'ara. Vijitabu ni 12 kwa kila somo kwa mwaka, alama ya kupita ni 80. Nunua vitatu vitatu kwanza.

Shangazi_Nyali: Mwalimu kasema kweli, ila kuna mtego. Mtoto mjanja huwinda neno la kujaza pengo, aya yenyewe haisomi. Atapata 95 na hajui kitu! Akimaliza ukurasa, funika kijitabu akueleze kwa mdomo. Akikwama, arudie aya hiyo tu. Tena hesabu za ACE zina dola na inchi. Muongezee maswali ya shilingi na sentimita.

BabaPili: Asante, shangazi. Na akitaka IGCSE, ile mitihani ya sekondari ya Cambridge, baadaye?

Silabasi_Tu: Inawezekana, kaka. Kituo cha mitihani ndicho cha kuuliza mapema: vingine havipokei watahiniwa binafsi. Kwenye Baiolojia, Kemia na Fizikia, Karatasi ya 5 inataka maabara. Ya 6, inayochukua nafasi yake, ni ya maandishi, ina asilimia 20 ya alama. Chagueni ya 6. Lakini bila kuwahi kushika bureti (mrija wa kupimia kimiminika), maswali ya kusoma vipimo na kutaja chanzo cha makosa humtoa mtoto jasho. Tafuteni maabara hata ya kukodi likizoni.