Mwanamichezo mwanamke husimuliwa nini: mchezo wake au maisha yake?

Mwalimu wa Ujiji
Ndugu wanajukwaa, wanafunzi wangu huandika taarifa za michezo baada ya kusikiliza redio. Mchezaji mwanamume humwandika kwa pasi na makosa yake, ilhali mwanamke humwandika kwa umbo lake, ndoa yake au shida alizopitia. Je, tatizo ni uchache wa habari tunazoletewa, au ni namna zinavyosimuliwa?

Msikilizaji, Kasulu
Shikamoo Mwalimu. Naona ni namna. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, ikawa rekodi ya taifa ya Tanzania. Vyombo vya nje vilikuwa na udhuru wa kutomzungumzia sana, kwa kuwa siku ileile Tigist Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia kwa 2:11:53. Redio niliyoisikiliza mimi ilitoa pongezi tu, bila neno hata moja kuhusu jinsi mbio zenyewe zilivyokwenda.

Mzee wa Mwanga
Marahaba, ingawa salamu si yangu. Mimi nasema ni uchache. Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, walipokwenda India mwaka 2022, wakaifunga Ufaransa 2–1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la umri huo, barazani kwetu tulibishana juu ya mabeki wao kama tunavyobishana juu ya Simba na Yanga, kwa sababu mechi zilifuatana na tulipata muda wa kuwajua. Mbio za siku moja hazimpi msikilizaji nafasi hiyo.

Dada wa Gungu
Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima, wingi peke yake hautoshi. Mwaka 2021 timu ya Norway ya mpira wa mikono wa ufukweni ilitozwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa kaptura badala ya bikini katika mechi ya kuwania shaba dhidi ya Hispania. Habari ile ilizunguka dunia nzima, tena ikiwatetea, lakini ni wangapi kati yetu walioambiwa nani alishinda? Ndiyo maana, wakati wa Olimpiki ya Paris 2024, mkuu wa utangazaji wa michezo hiyo, Yiannis Exarchos, aliwataka wapiga picha wa televisheni wawapige picha wanawake kama wanavyowapiga picha wanaume. Mwalimu, nakushauri udai matokeo na maelezo ya mchezo katika aya ya kwanza. Ndoa ije baadaye, kama ina uhusiano wowote na mechi.