Bangili ya kuingilia Sauti za Busara, tamasha la muziki la Unguja, ninayo, ila Jumamosi nina udhuru. Niende au nisiende?

Nyuzi za Kanuni (mleta mada):
Wakuu, habari za muda huu. Mimi kijana wa miaka 31, naishi Dar, kazi yangu ya kawaida tu ila moyo wangu upo kwenye muziki wa laivu. Siyo ule wa mtu kupanda na flashi, wimbo unajipiga wenyewe, yeye anarukaruka na maikrofoni. Nasema ala za nyuzi, kanuni, udi, fidla, na ngoma iliyowambwa ngozi. Kwa hiyo kwangu Februari ni Sauti za Busara, toka 2016 sijakosa hata mwaka mmoja. Natafuta ngazi yangu ya tatu kule ndani ya Ngome Kongwe, mawe bado yana joto la jua la mchana, moshi wa mishkaki unaingia kutoka Forodhani, natulia mpaka wanazima taa.

Mwaka huu bangili ya siku zote nimeshalipia, boti nimelipia, chumba Mlandege nimelipia. Sasa hapo katikati, Jumamosi, kuna shughuli ya kifamilia Tanga. Siyo lazima niwepo. Maswali mawili: kuna boti ya Jumapili usiku ya kurudi Dar ili Jumatatu niwe kazini? Na je, niende au nisiende? Wiki ya pili hii silali. Naombeni ushauri wa watu wazima, matusi hapana.

Kokoto la Ubungo:
Ngoja waje wajuzi. Nipo siti ya mbele na karanga zangu.

Mama Pacha:
Shughuli ya kifamilia ndo shughuli gani? Msiba? Arobaini? Harusi? Umeitaja haraka haraka kama mtu anayekatiza na sahani ya pilau mbele ya waliofunga.

Fundi Spika:
Mleta mada umenigusa penyewe. Mimi nimefanya kazi ya mitambo miaka mingi, na muziki wa kupigwa mkono kwa mkono ndio unaomtoa fundi jasho. Mtu wa flashi unampa nyaya mbili, kwisha. Kikundi cha taarabu kinapanda na watu ishirini, kila fidla inataka maiki yake, halafu kuna kanuni. Ile ina nyuzi zaidi ya sabini. Mzee ameikaza vizuri ndani chumbani, akitoka nje upepo wa baharini ukaigusa, zimelegea zote. Watu wanapiga miluzi, mzee kainama na kifunguo chake kidogo anakaza uzi mmoja mmoja, sikio kaliweka juu ya ubao, hana habari na mtu. Nilimwambia mzee dakika zimeisha. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Dakika zako au zangu?" Mpaka leo sina jibu.
Kuhusu swali lako, nenda.

Nyuzi za Kanuni (mleta mada):
Fundi, ubarikiwe, wewe umenielewa. Mama Pacha, ni mambo ya posa tu. Barua ilishajibiwa, Jumamosi wanapeleka mahari. Ni ya mtu wangu wa karibu.

Bint Shangani:
Mtu wako wa karibu nani? Kaka? Rafiki? Au ukaribu wa shati na mwili?

Nyuzi za Kanuni (mleta mada):
Sawa. Ni ya kwangu.
Ila kabla hamjaanza, naomba tuelewane. Kwa mila zetu muoaji haendi kupeleka mahari. Wanakwenda washenga, baba mdogo ndiye kiongozi wa msafara. Mimi hata nikiwepo Tanga nitafichwa nyumba ya jirani nicheze na simu. Sasa kati ya kucheza na simu Tanga na kusikiliza udi Unguja, tofauti iko wapi? Na tarehe siyo mimi niliyepanga, wazee wanakimbizana na Ramadhani.

Kataa Ndoa Daima:
Bro, Mungu amekuwekea bahari nzima kati yako na mahari bado unaomba ushauri. Panda boti.

Mzee wa Chumbageni:
Mimi ni wa hukohuko Tanga. Kijana kwenye mila hajakosea, muoaji hakai kwenye mkeka ule. Lakini asikae nchi nyingine! (Wazenji msinune, natania.) Mwaka niliooa mimi, mjomba wa binti alihesabu hela mara tatu mbele ya wazee. Elfu kumi ikawa pungufu. Mshenga wangu kapekua kofia, kapekua mifuko ya kanzu, mpaka viatu kavikung'uta pale barazani. Kumbe noti mbili mpya zilishikana. Nusu saa nzima baba yangu hakumeza hata funda la kahawa. Mke ninaye, wajukuu wanne, na shemeji zangu wakiniona mpaka leo wananiita Elfu Kumi.
Sasa kijana, swali dogo tu. Mahari iko kamili?

Udi na Ambari:
Mimi swali langu kwa Fundi, zile maiki za kubana kwenye fidla zinapatikana Kariakoo?

Fundi Spika:
Zinapatikana, ila chunga feki, zinakoroma. Njoo inbox.

Nyuzi za Kanuni (mleta mada):
Fundi, na ya udi je? Mimi nina udi wa kujifunzia, nikiweka maiki karibu unavuma.

Mzee wa Chumbageni:
Kijana, la udi umelikimbilia, langu umeliruka. Mahari iko kamili?

Nyuzi za Kanuni (mleta mada):
Mzee wangu shikamoo. Ilikuwa kamili.
Tulikubaliana milioni moja na laki mbili. Nilikuwa nazo zote. Zilipoanza kuuzwa bangili nikachomoa laki tatu na elfu arobaini, ndiyo bangili, boti na chumba. Mshahara ukitoka tarehe 25 narudisha. Siyo wizi, hela ni ya jasho langu. Na dini inaruhusu mahari kutolewa kwa awamu. Sema bahasha nilishaigundisha na iko kwa baba mdogo.

Mama Pacha:
Baba mdogo anajua?

Nyuzi za Kanuni (mleta mada):
Bado. Natafuta muda mzuri wa kuongea naye. Ana presha.

Bint Shangani:
Yallah! Hebu tuweke sawa. Mahari ni haki ya mwanamke, si ya mjomba wala si yako. Kulipa kwa awamu kupo, lakini yeye ndiye akubali, tena ajue ni kiasi gani na lini. Mwenzetu umejikopesha mwenyewe, ukajiandikia na tarehe ya kurejesha. Halafu unamtupia mzee wa presha bahasha ya laki nane na sitini akafedheheke mkekani! Mie sikukatazi muziki. Nimekulia kulekule Unguja, mwimbaji wetu Bi Kidude nimemuona akiipiga ngoma ya msondo kwa moyo wote, mwili mdogo kama kisaga cha mchele, sauti inatoka utadhani kameza spika za Fundi. Alipofariki 2013 nililia kama kafa bibi yangu. Lakini huyo alivaa ngoma yake mwenyewe, hakukopa mahari ya mtu.

Kataa Ndoa Daima:
Laki nane na sitini ni hela nyingi. Angerudishiwa na hiyo.

Mpiga Ramli:
Jamani subirini, mbona mnamwaga machozi bure. Stori hii ni uongo, chai tupu, tena haina tangawizi. Rudini ukurasa wa kwanza. Mleta mada kasema toka 2016 hajakosa hata mwaka mmoja. Sauti za Busara ilianza 2004, na 2016 haikufanyika. Waandaaji walitangaza wenyewe kwamba fedha hazikutosha. Wewe ulikaa ngazi ya tatu ukimsikiliza nani, paka wa Ngome Kongwe?

Kokoto la Ubungo:
Nimemwaga karanga.

Udi na Ambari:
Nilihisi. Mtu wa kwenda Busara kila mwaka hawezi kuuliza boti za Jumapili.

Mama Pacha:
Na mimi nilishaanza kumuombea baba mdogo. Rudisha dua zangu.

Nyuzi za Kanuni (mleta mada):
Mpiga Ramli, kweli haikufanyika. Mara ya kwanza kwenda ilikuwa 2017, nimeandika 2016 kwa haraka. Boti nauliza kwa sababu siku zote nilikuwa narudi Jumatatu mchana, sasa hivi bosi mpya hataki kusikia ruhusa. Mkitaka napiga picha ya bangili. Naona kila mtu yupo kwenye tarehe, hakuna aliyenijibu swali.

Mpiga Ramli:
Picha ya bangili ya nini, piga ya bahasha.

Fundi Spika:
Mimi bado namuamini. Mtu wa chai asingejua udi unavuma ukiusogezea maiki. Sogeza maiki pembeni, isitazame tundu. Na kwa baba mdogo nenda leo.

Mzee wa Chumbageni:
Chai au si chai, laki tatu na arobaini kwa baba mdogo haitafutiwi muda mzuri. Anaweza kukukopesha, anaweza kukutandika makofi, vyote viwili unafika navyo Jumamosi. Mkekani havipo vyote viwili.

Nyuzi za Kanuni (mleta mada):
Mzee, nimekuelewa. Lakini nikimwambia atanizuia kwenda.

Bint Shangani:
Kwa hiyo swali si mahari, ni ruhusa. Khalas, ngoja nikujibu la boti maana naona ndilo lililokuleta. Hizi za mwendo kasi ya mwisho inaondoka mapema. Wewe unakaa mpaka wanazima taa, na hiyo ni usiku mkubwa. Zamani kulikuwa na meli ya usiku ya mwendo wa pole, mnalala humo mnaamkia Dar, kaulizie bandarini Malindi kama ipo. Kama haipo, Jumatatu kazini hufiki.

Nyuzi za Kanuni (mleta mada):
Baba mdogo anapiga simu. Nakuja.

Kokoto la Ubungo:
Saa sita zimepita sasa. Mleta mada, umepokea au umeangalia tu inaita?

Udi na Ambari:
Mleta mada, kama huendi hiyo bangili unaiachia shilingi ngapi?