Wakuu naombeni ushauri, nimenyimwa viza ya ulinzi Australia, niombe mapitio au niache?

Kijana_wa_Buyenzi: Wakuu habari zenu. Mimi Mrundi, niko Brisbane. Mwaka 2015 niliandamana Musaga, Bujumbura, kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, mdogo wangu alichukuliwa usiku hajarudi mpaka leo. Nimeomba viza ya ulinzi, ile 866 ya wakimbizi, wamekataa. Ofisa anasema haniamini. Silali. Kuna haja ya kwenda baraza la mapitio?

Mzee wa Footscray: Nenda haraka. Una siku 28 tu, na barua ya imeili inahesabiwa imefika siku ileile iliyotumwa, hata kama hukuifungua. Baraza haliwezi kukuongezea hata siku moja. Siku hizi linaitwa ART, lile la zamani AAT lilifutwa Oktoba 2024. Wanasikiliza upya kila kitu na mkalimani wanakupa. Ada unalipa baadaye ukishindwa.

mama Zuu: Pole mwanangu. Shemeji yangu Leicester alihangaika hivyohivyo miaka, mke akachoka akaolewa na mwingine. Sali sana.

Ngosha90: Rudini mjenge nchi zenu, wote mkikimbia nani atabaki?

Mzee wa Footscray: Mleta mada, "haniamini" kwa lipi? Barua lazima imetaja.

Kijana_wa_Buyenzi: Mambo ya tarehe tarehe tu mzee.

Mzee wa Footscray: Tarehe zipi? Sema, usaidiwe.

Kijana_wa_Buyenzi: Kwenye mahojiano nilisema sijawahi kurudi Burundi. Ofisa akanionyesha kopi ya pasipoti yangu, muhuri wa Kobero, mpakani Burundi. Ila kuna ajenti kaniambia atatengeneza barua kwamba pasipoti aliitumia kaka yangu, nimeshampa dola 800, kasema wengi wamepita hivyo. Naona ni njia nzuri.

mama Zuu: Yesu wangu!

Mzee wa Footscray: Huyo ajenti ana namba ya usajili? Uongo wa pili utazika hata ukweli wa mdogo wako.

Kijana_wa_Buyenzi: Mzee ni rahisi kusema ukiwa na makaratasi.

Shaka Tupu: Chai hii. Anayeogopa kuuawa anarudi vipi, na Australia walimruhusu vipi kutoka? Katunga huyu apate maneno ya kwenda kusema barazani.

Kijana_wa_Buyenzi: Niliomba viza ya muda, ile Bridging Visa B inayoruhusu kutoka na kurudi, nikaandika naenda Tanzania kwa dada. Mama alikuwa amefariki. Nikapanda basi Dar mpaka Kabanga nikavuka. Siku 4 nililala jikoni kwa jirani, chini, karibu na mafiga, mtoto wao ananiletea maharage kwenye kifuniko cha sufuria ili watu wasione sahani ya ziada. Makaburini sikwenda. Nilisikia wanawake wakilia wakipita na jeneza, nikauma shuka. Hilo nalo nimetunga?

Shaka Tupu: Samahani ndugu yangu. Pole sana.

Mzee wa Footscray: Ofisa ulimwambia haya?

Kijana_wa_Buyenzi: Hapana. Niliona nikikiri nilirudi basi nimekwisha.

Mzee wa Footscray: Mtu asiyeogopa angemzika mama yake mchana. Mwache huyo ajenti, kesho asubuhi nenda msaada wa kisheria wa bure, cheti cha kifo na jirani akuandikie. Watakuuliza kwa nini hukusema mwanzo, jibu kama ulivyotujibu. Barua ilitumwa lini?

Kijana_wa_Buyenzi: Leo siku ya 25. Nimefungua fomu mzee. Nianzie wapi?

Mzee wa Footscray: Jaza uitume usiku huu huu, maelezo yatafuata. Ukianza kuyaandika, anzia jikoni.