Gary Lineker alistahili kurudishwa, lakini BBC ilimrudisha vibaya

Swali ninaloomba tulijadili ni hili: BBC ilipomrudisha Gary Lineker, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya England, kuongoza Match of the Day, kipindi chake cha mechi za soka, mwezi Machi 2023, siku chache baada ya kumweka kando kwa sababu ya maneno aliyoyaandika kwenye Twitter, je, ilitenda haki au ilisalimu amri? Nalifufua kwa sababu tangu mtangazaji huyo aondoke BBC moja kwa moja, Mei 2025, imezoeleka kudaiwa kwamba kuondoka huko kunathibitisha kuwa hakupaswa kurudishwa hata mara ile. Mimi naamini alistahili kurudi. Ninachokilaumu ni namna alivyorudishwa.

Kwa wasiokumbuka, tarehe 7 Machi 2023 serikali ya Uingereza iliwasilisha bungeni muswada wa kuwanyima nafasi ya kuomba hifadhi watu wanaoingia nchini humo kwa mashua ndogo, na Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Suella Braverman, akautetea kwa video. Lineker aliandika kwamba sera hiyo ni ukatili usiopimika dhidi ya watu wanyonge kabisa, na kwamba lugha iliyotumika haikutofautiana sana na ile ya Ujerumani ya miaka ya 1930. Tarehe 10 BBC ikatangaza kwamba hataongoza kipindi mpaka yapatikane makubaliano kuhusu matumizi yake ya mitandao ya kijamii.

Sidhani kama wakuu wa shirika walitarajia kilichofuata. Mchambuzi Ian Wright alisema haendi studio, mchambuzi mwenzake Alan Shearer akafuata, Alex Scott hakuongoza kipindi kingine cha soka, Football Focus, na watangazaji wa mechi nao wakajitoa. Jumamosi ya tarehe 11, kipindi kilichoanza mwaka 1964 kilirushwa kwa dakika 20 tu, bila mwongozaji, bila wachambuzi, bila mtangazaji wa mechi, na hata bila muziki wake wa kufungulia. Sisi tuliolelewa na mpira wa redioni, ambako uwanja mzima hujengwa na sauti ya mtu mmoja, tunajua uzito wa ukimya wa namna hiyo: mabao yanaingia, mashabiki wanashangilia, na hakuna wa kukuambia nani kapiga wala pasi imetoka wapi. Jumatatu ya tarehe 13, Mkurugenzi Mkuu Tim Davie aliomba radhi kwa mkanganyiko uliotokea, akatangaza kwamba Lineker anarudi kazini na kwamba mtu huru atapitia upya mwongozo wa mitandao ya kijamii. Jumamosi iliyofuata Lineker alikuwa uwanja wa Etihad, Manchester City wakiifunga Burnley mabao 6 kwa 0 katika robo fainali ya Kombe la FA, na Shearer, aliyekaa naye, akawaomba radhi watazamaji kwa yaliyotokea juma lililotangulia kabla mazungumzo hayajarudi kwenye soka.

Hoja ya wanaopinga kurudi kwake naiheshimu, na sitaki tuipuuze. BBC huendeshwa kwa ada ya leseni, ambayo mwaka ule ilikuwa pauni 159 kwa kaya, na anayeilipa anaweza kuwa mfuasi wa chama chochote. Lineker, akilipwa takriban pauni milioni 1.35 kwa mwaka, ndiye aliyekuwa akilipwa kuliko watangazaji wote wa shirika hilo. Tena hakuwa mgeni wa jambo hili, kwa kuwa Oktoba 2022 BBC yenyewe ilikubali malalamiko kwamba andiko lake kuhusu chama cha Conservative, kilichokuwa kikitawala, na michango ya fedha kutoka kwa Warusi lilikiuka kanuni ya kutopendelea upande. Mtu aliyekwisha kuonywa, wanasema, hawezi kudai kwamba mipaka hakuijua. Hapo wana haki.

Hata hivyo, tukumbuke Novemba 2022. Lineker alipofungua matangazo ya Kombe la Dunia la Qatar, hakuanza na vikosi wala makundi. Alizungumzia tuhuma za rushwa katika kutafuta uenyeji, masaibu ya wafanyakazi wahamiaji na hali ya mashoga katika nchi ile. Hayo aliyasema hewani, ndani ya muda wa BBC na mbele ya kamera za BBC, na shirika halikumsimamisha. Wengi wetu tulimshukuru, maana vijana wa Kenya na Uganda walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi kule, na habari zao hazikuwa zikipata nafasi kubwa hivyo kwenye televisheni za michezo. Miezi minne baadaye aliikosoa serikali ya nchi yake mwenyewe, nje ya hewa, kwenye ukurasa wake binafsi, akiwa mtu wa mkataba katika idara ya michezo na si mwandishi wa habari za siasa, na hapo ndipo alipoambiwa amevuka mpaka. Sijaona bado maelezo yanayoridhisha ya tofauti hiyo. Kama kutopendelea upande ni kanuni, lazima imbane mtangazaji anapoikosoa Doha kama inavyombana anapoikosoa London. Na siku zile zile mwenyekiti wa BBC, Richard Sharp, aliyewahi kukichangia fedha chama tawala, alikuwa bado ofisini huku akichunguzwa kwa kuhusika na mkopo aliopewa Boris Johnson alipokuwa Waziri Mkuu. Alijiuzulu mwezi Aprili.

Wapo wanaouliza sisi Waafrika Mashariki tunatafuta nini katika ugomvi wa Waingereza. Tunacho. Sera iliyomkera Lineker ilitegemea mkataba uliotiwa saini Kigali Aprili 2022, wa kuwahamishia waomba hifadhi nchini Rwanda. Mwisho wa juma ule ule Lineker aliporudi kwenye kiti chake, Braverman mwenyewe alikuwa Kigali akikagua mahali ambapo watu hao wangepangiwa kuishi. Novemba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba mpango huo ni kinyume cha sheria. Hukumu hiyo haihalalishi mfano wa Ujerumani, ambao binafsi nauona ulizidi kipimo, lakini inaonyesha kwamba wasiwasi wake ulikuwa na msingi.

Sasa nije kwenye kosa ninaloiwekea BBC. Shirika lilimrudisha ndani ya siku tatu, kabla halijasema kama alikosea au hakukosea, na mwongozo mpya ukatoka Septemba, kazi ya John Hardie, yule mtu huru aliyepewa jukumu la kuupitia, ikiwa imekamilika. Mwongozo ule uliruhusu waongozaji wa vipindi vikubwa kutoa maoni juu ya sera, ila ukawakataza kuunga mkono au kushambulia vyama, au kukosoa tabia za wanasiasa. Kwa miezi sita katikati, kila mtu alijua Lineker amerudi na hakuna aliyejua amerudi kwa haki ipi. Alichokiona mfanyakazi wa kawaida ni kwamba wenzake mashuhuri waligoma, basi akarudi.

Mei 2025 alisambaza video kuhusu Uzayuni iliyokuwa na picha ya panya, alama ambayo kwa miaka mingi imetumiwa kuwadhalilisha Wayahudi. Aliifuta, akaeleza kwamba picha hiyo hakuiona, akaomba radhi, na kuondoka kwake kukakubaliwa. Kosa hilo lilikuwa zito kuliko lile la kwanza na radhi ilistahili. Lakini safari hii hakuna aliyegoma, na mambo yakaisha tena kwa mazungumzo kati ya wakuu na mtu mmoja, bila chombo chochote huru kusikiliza shauri hadharani.

Kwa hiyo ningependa kuwasikia hasa wale wanaofanya kazi ya utangazaji: je, mpaka wa maoni upangwe kwa kazi anayoifanya mtu, yaani habari upande mmoja na michezo upande mwingine, au kwa ukubwa wa jina lake na kipindi chake, kama mwongozo wa Hardie ulivyochagua? Mimi nasimama na kazi. Anayesimama na jina atueleze pia mtangazaji mdogo wa michezo, asiye na Shearer wa kugoma kwa ajili yake, atarudishwaje kazini siku atakapoonewa.