Grails 1.3.7 kwenda 2.0.4: sehemu za transients hazijazwi. bindable, klasi ya komandi au kwa mkono?

fundi_msimbo
Wakuu, habari za kazi. Tumepandisha mradi kutoka Grails (mfumo wa kujengea programu za wavuti) 1.3.7 hadi 2.0.4. Fomu ya usajili ina `rudioNenosiri`, iliyoorodheshwa kwenye `transients` kwa kuwa haiingii kwenye hifadhidata. Zamani `new Mteja(params)`, inayounda mteja kutokana na data ya fomu, iliijaza. Sasa inabaki `null`: hakuna kosa linaloonekana kwenye logi, ila kila anayejisajili anaambiwa nenosiri halifanani. Kati ya `bindable: true` (ruhusa ya sehemu kujazwa kutoka kwenye ombi), klasi ya komandi (klasi ya kupokea data ya fomu tu) na kuijaza kwa mkono kwenye kontrola (msimbo unaopokea maombi), ipi itadumu?

kaskazi
Mkuu, hiyo ni kwa makusudi. Kasoro ya usalama ya CVE-2012-1833 ilimwezesha mtu kuongeza parameta zake kwenye ombi na kubadilisha sehemu usizotaka aziguse. Marekebisho yalitoka na 1.3.8 na 2.0.2. Sasa transients, static na zilizotangazwa kwa `def` (bila aina) hazijazwi mpaka uruhusu. Kwenye constraints (kanuni za sehemu ndani ya klasi) andika:

`rudioNenosiri bindable: true`

Na itangaze kama `String`, si `def`.

bi_groovy
Kwa usajili sikubaliani. `rudioNenosiri` ni mali ya fomu, mteja hana haja nayo baada ya hapo. Tengeneza klasi ya komandi yenye nenosiri na rudio, validator (kikaguzi) yake ilinganishe. Akshoni (kitendo cha kontrola) ikiipokea kama parameta, Grails huijaza na kuikagua kabla msimbo wako haujaanza. Ndiyo, utahamisha data kwenda `Mteja` mwenyewe, lakini unaona waziwazi kinachoingia.

kaskazi
Hapo kwenye usajili nakuunga mkono. Kwa mkono nisingeshauri: `mteja.rudioNenosiri = params.rudioNenosiri` lazima itangulie `validate()`, na kontrola ya pili ikija mtu atausahau mstari huo. Tarehe na namba nazo utazigeuza mwenyewe kutoka maandishi.

bi_groovy
Kuna lenye uzito zaidi. Sehemu za kawaida, zile zinazohifadhiwa, bado zinajazwa zenyewe hata baada ya marekebisho. Kama `Mteja` ana `boolean msimamizi`, mtu akituma `msimamizi=true` anajipa cheo. Weka `msimamizi bindable: false` leo hii, kabla ya kushughulikia fomu.

fundi_msimbo
Asanteni sana. Naanza na hiyo ya msimamizi. Usajili unahamia klasi ya komandi. Fomu ya ankara ina sehemu moja tu ya muda, ile nitaipa `bindable: true`.